Mstari wa Shavuni

Mhariri alisema: nichoree kitu cha kutisha,
kitoke porini, kisiwe na jina,
shujaa akiue kabla ya tangazo la sabuni.
Nikachora usiku, umeme ukikatika na kurudi.
Mkono ulikwenda wenyewe:
pembetatu juu ya nyusi, ngazi mashavuni,
mdomo wa juu umesukumwa na ndonya
mviringo kama kifungo cha koti.
Toleo lile liliisha siku nne.

Leo niko Newala, msimu wa salfa.
Binamu Chilumba amerudi kutoka mikorosho njano tupu,
pampu mgongoni, shati kalifunga usoni,
macho mekundu; mtoto wa jirani amemkimbia
akilia zimwi, zimwi, na sote tukacheka.
Mimi nilicheka kidogo.

Bibi Nantende ameketi na ungo wa mbaazi.
"Wanasema unalipwa kwa kuchora. Nione."
Ningeweza kusema nimeziacha katuni mjini,
lakini Somoe, mdogo wangu, analo toleo lile,
analifunikia ndoo ya maji.
Akalileta, akalipangusa kwa ncha ya kanga.

Bibi hajui kusoma. Viputo vya maneno aliviruka
kama mtu arukavyo vidimbwi.
Akafika kwake.
Akaiinamia karatasi, pua karibu iguse wino,
kidole kikashuka pajini, pa kwake, kisha pa yule,
pa kwake, kisha pa yule.

"Hapa umekosea. Shavuni mistari ni minne.
Fundi alitaka kuishia wa tatu, nilikuwa nalia,
mama akamwambia malizia, asije akapotea huko
wakakosa kujua ni wa nani."

Kisha: "Amemla nani?"

Nikatafuta. Kurasa ishirini na nne.
Hajamla mtu. Nilisahau kumchorea kosa.

"Na huyu mwenye mkuki?"
Shujaa, bibi.
"Uso mtupu hivyo. Kwao wapi?"

Sikuwa na jibu. Akazirudia mbaazi zake,
akapepeta, makapi yakanirukia magotini.

Jioni nililikuta toleo kando ya mafiga.
Kwa kipande cha mkaa
alikuwa ameongeza mstari wa nne, umepinda kidogo.
Ukurasa wa mwisho, ule wa mkuki,
ndio aliowashia moto.