Sekunde ya Arobaini

Saa tisa za usiku, mwezi Mei, kinamasi cha Soomaa.
Usiku wangu wa nne.
Viatu vimekunywa maji hadi vimeshiba,
mbu wanatia sahihi shingoni,
nami nimenyoosha kipaza sauti
kama ombaomba anavyonyoosha bakuli,
sipumui, nasubiri korongo aseme.

Akasema.

Nikaiweka mtandaoni, nikaandika chini yake:
Sikilizeni bure. Mkiichukua, nitajeni.
Tarvo Pihlapuu, Estonia.

Miaka miwili baadaye, basi la kwenda Tartu,
simu ya kijana wa kiti cha mbele:
korongo wangu anauza magodoro.
Mwanamke kalala kwenye shuka nyeupe,
na juu yake ndege, amekatwa kichwa na mkia,
amebatizwa "Alfajiri Tulivu Namba Saba".
Nilijuaje ni wangu?
Mle ndani kuna chafya niliyoimeza katikati.
Chafya humjua mwenyewe.

Nikalalamika. Jibu likaja kabla chai haijapoa,
si la mtu, la mashine:
Rekodi yako inafanana na mali ya mteja wetu.
Yako imeondolewa.
Nikaisoma mara tatu.
Mwizi kanishitaki kwa kuvaa shati langu.

Ülo, jirani yangu, alicheka mpaka akakohoa:
"Korongo ni wa nani? Ulimzaa wewe?"
Nikakosa la kumjibu hadi giza lilipoingia.
Sauti ni ya ndege, kweli.
Kinamasi ni cha Mungu na cha serikali.
Changu ni kukesha.
Changu ni kusimama pale, si hatua tatu kando.
Anayetaka aende akamsikilize korongo, simzuii;
asiubebe tu usiku wangu akauita wake.

Mwalimu Virve wa Viljandi naye hakuniomba.
Alichukua sekunde kumi na moja, akawachezea watoto,
akawauliza: huyu anaita, au anajibu?
Jina langu lilikuwa ubaoni, kwa chaki.
Watoto wakanitumia mchoro: korongo wa miguu mitano.
Huyo sina kesi naye.
Kuonja mchuzi kwa kijiko si kuhama na chungu.
Sheria ina kurasa tele juu ya kijiko hicho,
kina chake, mkono ulioshika, nani aliyelishwa.
Mimi nina swali moja tu:
ungechota hivyo nami nimesimama mlangoni?

Nililipenda swali hilo. Nikalirudia kwa Ülo, kwa wakili, kwa mbwa.

Kisha nikaisikiliza rekodi upya, natafuta ushahidi.
Sekunde ya arobaini, mbali, nyuma ya ndege,
mwanamke anaita ng'ombe.
Pu-nik. Pu-nik.
Nilikuwa nimemsikia mara mia,
nikamwita mandhari.

Salme ana miaka themanini na minne, ng'ambo ya mto.
Nilikwenda kwa baiskeli, aibu imekaa kwenye kikapu.
Nikamvalisha hedifoni. Akatulia.
"Punik," akasema. "Alipotea usiku ule, na mimba yake.
Tulimkuta asubuhi kwenye matope."
Nikasema nitazikata sekunde hizo, hakuna atakayejua.
Akazishika hedifoni kwa mikono miwili.
"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Mara nne.

Akanimiminia maziwa, ya dukani, ya boksi.
"Iache," akasema. "Ila andika."
"Niandike jina lako?"
"La ng'ombe."

Kesi ya magodoro bado imelala Tallinn,
imelala vizuri kuliko mimi.
Rekodi nimeirudisha. Mashine itaiondoa,
nitairudisha tena. Chini yake sasa pameandikwa:

Korongo, hakuulizwa.
Kwa mbali, Salme, akimwita Punik.
Chafya ni yangu.