Jina la Pili

Jouko alinipigia saa tisa na robo usiku,
Januari, Kemijärvi, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Miaka minne hatukuwa tumesalimiana
kwa ajili ya theluji: trekta lake liliimwaga
mlangoni pangu, nami nikaapa.

"Irja," akasema, "programu imesema nikupigie."
Nikadhani kalewa.
Kumbe hajaonja hata kahawa.

Muuguzi ndiye aliyemwekea, Oktoba,
kialama cha kijani pembeni mwa kioo.
Kila jioni humwuliza: leo ukoje?
Nyuso tano, wa kununa hadi wa kucheka.
Yeye akibonyeza wa katikati tu,
kama mtu anayelipa kodi.

Ila Oktoba hiyo, siku moja yenye jua,
ilimwomba majina matatu.
La kwanza dada yake, aliyehamia Turku,
naye hulala simu kaizima.
La pili, baada ya kukuna kidevu sana, langu.
La tatu pengo.

Usiku ule alikuwa nje, nyuma ya banda,
na lile wazo limemganda.
Akaitoa simu; baridi ikaizima.
Akaitia kwapani, chini ya sweta,
akasimama anaitamia kama yai.
Dakika saba, anasema.
Dakika saba hakufanya jambo jingine.
Sijui hapo nani alimtamia nani.

Ilipowaka ikamrudishia maneno yake mwenyewe:
*Irja. Mkali. Lakini hufungua mlango.*

Mimi si mtu wa hekima. Nilimwuliza wazi:
"Jouko, unataka kufa?"
Kimya.
Halafu ndiyo, neno zima, bila kulitafuna.
"Usikate," nikamwambia, "nisikie unavyopumua,"
nikavaa buti juu ya gauni la kulalia
nikaivuka theluji ileile tuliyogombea,
magotini, simu sikioni,
nikimtukana njia nzima ili ajue niko karibu.

Asubuhi nilimpeleka kliniki. Tulingoja sana.

Trekta bado linamwaga theluji mlangoni pangu.

Jana jioni simu ililia mezani: leo ukoje?
Alikuwa anamenya viazi, mikono imelowa,
akaniambia nimbonyezee.
Nikaenda kwenye uso wa katikati.
"Hapana," akasema, "shuka mmoja."
Nikashuka.
Nikabandika sufuria.