Hiyo Tungule

Asubuhi ya kwanza Lusajo amegoma kuvaa viatu.
Kwetu Tukuyu ukishuka kitandani ni kama umekanyaga mto;
sakafu ya hapa, anasema, ina joto la mkate.
Namwachia.
Tusekile namfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yake,
na mpita njia mmoja anacheka, si kwa ubaya:
"Baba mbeleko! Leo tumeona."

Mama yao yuko kwenye mafunzo ya wauguzi hadi saa kumi.
Saa kumi iko mbali kuliko Mbeya.

Tunaingia Sokomuhogo.
"Muhogo uko wapi?"
Naangalia. Milango. Nyaya za umeme. Paka wa rangi ya majivu
amelala juu ya pikipiki kama mwenye kadi yake.
"Labda uliuzwa, zamani."
"Wote?"
"Wote."
Anatembea kimya hatua kumi, akiuomboleza muhogo.

Kushoto, kulia, kushoto tena.
Mlango wenye misumari ya shaba tumeupita mara tatu,
na mara ya tatu Lusajo ameuamkia: shikamoo.
Simu yangu inasema tuko baharini.

Halafu ile sauti ndogo, ya haraka:
"Baba, mkojo."

Kwetu kuna migomba, na kila mgomba hutunza siri.
Hapa ukuta ni wa mtu, baraza ni ya mtu,
na mtu mwenyewe amekaa juu yake anapeta mchele.
Navua kofia, naishika kifuani kama niliyekuja kuposa.
Sijamaliza sentensi.
"Mlete, mlete! Msalani kule, mwisho wa ua.
Ndara hizo, avae."
Hajauliza jina, wala dini, wala tumetoka wapi.
La kwake nalisikia kwa jirani anayepita na ndoo:
Bi Zuwena, hujambo?

Lusajo anarudi uso umekunjuka,
ndara za mtu mzima zikimfuata, kila moja na njia yake.
Kwenye kapu pale barazani anaona kitu chekundu, anakifahamu,
kitu cha kwanza tangu jana anachokifahamu:
"Nyanya!"
"Labeka," anaitika Bi Zuwena.
"Nyanya," anarudia, kidole kapuni.
"Nyanya ndo mie, mwanangu. Hiyo tungule."
"Wewe ni bibi."
"Na bibi ni mie vilevile."
"Kwa hiyo mko wawili?"

Anacheka mpaka mchele unaruka ungoni,
mpaka Tusekile anashtuka mgongoni kwangu na kuangua kilio,
nami naanza kuyumba, kisigino, kidole, kisigino,
ngoma isiyo na mpigaji.
"Hebu nipe."
Huyu huyu aliyemkataa shangazi yake Krismasi nzima
anakamata ushungi wa mtu tusiyemjua, anautia mdomoni,
ananyamaza.
Mabega yangu yanakuwa mepesi kiasi cha kunitia aibu.
Inakuja chai ya mchaichai, na mkate
ambao hapa nao si mkate, ni bofulo.
Nakaa. Nilikuwa sijakaa tangu alfajiri.

Saa kumi na robo, mama yao, viatu mkononi:
"Haya, mmeona nini?"
Naanza kujitetea: ngome tumeipita nje, makumbusho
tutakwenda kesho, Mungu akipenda...
"Tumeona nyanya," anasema Lusajo. "Kumbe inaongea."

Usiku nafua kaptula yake kwenye beseni la nyumba ya wageni.
Mfukoni kuna kitu laini, kimepasuka,
mbegu zimeng'ang'ania pindo.
"Unafanya nini saa hizi?" ananong'ona mke wangu.
"Natoa nyanya."
Na kutoka kitandani, macho yamefumba,
mguu mmoja mweusi wa vumbi la mji mzima nje ya shuka:
"Tungule, baba."