Vidole Vinne

Ameletwa studioni ndani ya bahasha ya kaki,
amekunjwa mara mbili, ufa umempita shingoni.
"Mama yake babu yangu," asema Bwana Wechuli.
"Aliolewa boma la nabongo, Elureko,
reli haijafika Kisumu hata kwa uvumi.
Msafishe. Mtie rangi. Na ukiweza
mchekeshe kidogo,
tuna harusi Mumias Jumamosi."

Namfungua chini ya taa.
Mgongoni pa karatasi, wino uliogeuka kutu,
kwa lugha ya mgeni: mke wa mfalme. Jua kali.
Jua limeandikwa.
Jina, la.

Masango yamempanda mkono hadi kiwiko,
merikani mpya bado ina mikunjo ya robota,
haijaujua mwili.
Macho yametulia, makali kama sindano,
ila mdomo ni ukungu.
Sanduku la picha zama zile lilikula polepole:
uliambiwa usipepese, usimeze mate,
nawe, Nafuna
(jina nimepewa na mjukuu, si na karatasi),
ukasema neno.

Neno gani? Nakuza, nakuza tena,
mpaka uso unakuwa punje za wimbi,
mpaka punje nazo zinakuwa si kitu.

Ndipo ukingoni, kushoto, navikuta vidole vinne
vimekushika kiwiko kwa nyuma.
Vikavu, vya mwanamke mzima,
ukucha mmoja umepasuliwa na jembe.
Shangazi yako, nani mwingine?
Mwenye sanduku alimwamuru atoke kwenye kioo.
Akatoka.
Mkono akauacha.

Naziba ufa wa shingo. Nafuta doa la chai.
Ushanga naupa wekundu, najuaje,
nabahatisha, na kalamu yenyewe inaona haya.
Kicheko sitii.

Alhamisi simu inalia:
"Kile kitu pale pembeni, kama vidole, kikate."
Ndiyo, mzee. Ndiyo.

Nachukua kadibodi ya fremu,
upande wa kushoto naiacha pana kuliko kawaida.
Wageni watamwona bibi harusi peke yake,
amesimama wima, hana wa kumshika.
Chini ya kadibodi, gizani,
vidole havijamwachia.