Kiganja cha Mama

Matobolwa, loweka usiku kucha
kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto,
yasije yakawa uji.
Hilo ndilo pekee aliloliandika Mama kwa ukamilifu,
nyuma ya risiti ya saruji.
Chini yake:
karanga, kiganja.
Uyoga, viganja viwili, ukishakamuliwa.
Kitunguu, kiasi.
Asali, usizidishe.

Usizidishe kuanzia wapi, Mama?

Watu wengine hukiita kijazo cha kuku.
Kwetu Isevya kiliitwa shindilio,
neno nisilolisikia nyumba nyingine,
hata kwa mama mdogo pale Kanyenye,
ambaye hujaza wali, na tulikwisha kumsamehe.

Mama alizaa wavulana watano.
Alipochoka kumngoja binti
akatazama huku na huku jikoni,
akanishika sikio kwa kuwa nilikuwa karibu:
"Wewe. Njoo ushike kuku."
Nikamshika kuku Krismasi kumi na nne,
paja huku, paja huku,
yeye akishindilia, kisha akishona
kwa sindano ya magunia
na uzi alioufumua kwenye mfuko wa unga,
akiwasema wauza vitunguu mmoja mmoja, kwa majina.

Leo ni mwaka wa tatu nashindilia bila yeye.
Mwaka juzi kuku alipasuka ubavuni.
Mwaka jana shingoni, mezani, mbele ya padri mgeni
aliyedhani ndivyo anavyopikwa
akasifu.

Mvua inamwaga choroko juu ya bati.
Uyoga nimeununua asubuhi barabara ya Sikonge,
bado una udongo wa miombo kwenye shina.
Nimepima kama ilivyoandikwa.
Perepetua anachambua mchele mlangoni,
hasemi neno, halafu anasema:
"Hebu nione hicho kiganja."

Nikakifungua.
Mkono wa fundi wa reli,
miaka ishirini na sita ya spana na grisi,
kidole cha kati hakikunji tena.
Kiganja cha kulishia harusi.
Na Mama alikuwa mdogo.
Viatu vyake tulivinunua kwenye safu ya wanafunzi.
Bangili yake ya shaba, siku tulipomvua,
ilikwama kwenye vidole vyangu vitatu,
nikaitazama pale, imekwama,
na bado sikuelewa habari ya karanga.

"Kalunde!"
Akaja, miaka kumi na mmoja, sketi imelowa.
Nawa. Kausha. Chota.
Akachota, mkono ukajaa,
karanga mbili zikadondoka, akainama.
Ziache, nikamwambia, hizo za kuku aliye hai.
Akaponda matobolwa kwa mwiko,
akakamua uyoga kwa ngumi zote mbili, amekunja uso,
sura ambayo sikumfundisha mimi.
Asali akaionja kabla sijamkataza.
Akaongeza tone. Akaonja.
"Hapo hapo, baba. Ukizidisha itanuka pipi."

Kumbe ni hapo.

Mihayo akapiga simu, treni imesimama Saranda,
wamenunua kuku wa kuchemsha dirishani
lakini anaapa hajala, anatunza tumbo.
Muongo.
Nikamshika kuku, paja huku, paja huku,
mtoto akashindilia kwa vidole vitatu, taratibu,
kama anayefunga mzigo wa mtu mwingine.
Mishono mitano ikatosha. Mimi hutumia tisa.

Chini ya bakuli likabaki kidogo.
Hubaki. Na sheria yake haimo kwenye risiti:
kilichobaki ni cha waliolowa mikono.
Tukakikaanga kwenye mafuta ya karanga, kikashika chini,
tukakila wima, mwiko mmoja,
tukipuliza, tukiungua,
haraka, kabla Perepetua hajageuka.

Alikuwa ameshageuka.
Amenyoosha mkono.