Swali la Tisa

Karatasi ina maswali kumi na moja.
Nesi Dodo kaniazima kalamu iliyotafunwa kisogoni,
akasema: jibu kweli, mama, rangi haimwonei haya mwongo.

Nikajibu. Hedhi ya mwisho: tarehe tatu.
Metfomini: ndiyo, kimoja asubuhi, kimoja jioni.
(Akakizungushia duara: kiache siku mbili,
usikirudie mpaka figo zipimwe.)
Pumu: hapana. Tezi ya shingo: mama alikuwa nayo.
Mimba: nikacheka,
cheko kavu, la mtu aliyeulizwa kama ana ndege yake.

Swali la tisa lilikuwa fupi.
Je, uliwahi kutiwa dawa ya rangi
ukawashwa, ukavimba, ukakosa pumzi?

Gocha alikuwa kando, kofia ya sufu magotini,
theluji ya Kutaisi ikimyeyukia mabegani,
akisoma juu ya bega langu
kama asomavyo gazeti la jirani.

Alijua kuhusu yule wa Batumi.
Alijua pete, alijua talaka.
Mimi ndiye niliyemwambia, miaka minne iliyopita,
kwamba kwake sikutaka mtoto.
Ulikuwa uongo mdogo, wa kumpa heshima:
wewe wa kwanza kunitamanisha.

Kalamu ilisimama.
Nikaona koo langu la wakati ule likifunga mlango,
na daktari akipaza sauti kuita sindano.
Nikaandika: Ndiyo. Mara moja. Batumi.
Mwaka nikauandika vibaya, nikaufuta,
nikauandika tena.

Hakusema kitu ngazini.
Hakusema kitu darajani, Mto Rioni ukiwa na rangi ya chai ya maziwa.
Duka la dawa, mfamasia Tsisana alihesabu kwa kucha:
prednisoloni, mara tatu, kabla ya saa nne ile ya kesho.
Saa tatu usiku. Saa tisa usiku. Saa tatu asubuhi.
Usimeze tumbo likiwa tupu.
Na hiki cha maumivu, kimoja, mkiwa mnatoka nyumbani.

Nje, Gocha akauliza:
"Ulivimba wapi?"
Midomo. Kisha koo.
Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia,
akaivua, akaivaa.

Cha saa tatu nilikimeza mwenyewe.
Mama Eteri alikuwa akibangua njugu jikoni; akauliza ni cha nini.
Cha mafua, nikasema, nikajisikia nikisema.

Usiku sikusikia saa ikilia.
Nilisikia sufuria.
Taa ya jikoni, nyayo zisizo na viatu juu ya mbao baridi,
kisha Gocha mlangoni
na kipande cha mkate chenye jibini, moto upande mmoja,
baridi upande wa pili,
na kidonge juu ya kisosi, peke yake, kama mgeni rasmi.

Akakaa ukingoni mwa kitanda nikitafuna.
Hakunigusa. Hakuondoka.
"Yeye," akasema, "alikuamkia?"

Nikameza kwanza.
Hapana, nikasema.
Siku ile hakuna aliyeniuliza swali la tisa.