Fomu ya Tathmini, Newala

Kipengele cha kwanza: bomba lipo?
Lipo. Nimeliona, nimeligusa,
koki yake imefungwa kamba ya katani
isiamshe watoto usiku, maana hukoroma.

Cha pili: mita inasoma?
Inasoma. Bi Somoe Nankumba anacheka:
"Inasoma upepo, mwanangu.
Mwezi jana nimelipia uniti nne za upepo."

Saa za huduma kwa siku.
Fomu haina pa kuandika miezi.
Ananivuta hadi nyuma ya mlango:
vistari vya mkaa, kimoja kila maji yalipopanda
kutoka bonde la Kitangari.
Tangu mikorosho ichanue, vitatu.

Majitaka yanaelekea wapi?
Anaitazama ndoo:
imeosha mchele, ikaosha vyombo, ikanawisha miguu,
sasa inangojwa na mpapai.
"Yakishakuwa taka, nitakuita."

Makao makuu wanataka asilimia.
Nimejaza tisini na moja, kaya zilizounganishwa.
Hakuna uongo humo.

Kisha nikaomba maji ya kunywa,
mazoea tu, jua lilikuwa kali.
Akainuka bila neno.
Nikasikia kata
ikikwangua chini ya mtungi,
ikikwangua.